Kundi la twiga ni "herd" au ni "tower"? Jibu kwa dada anayesomea kuongoza watalii

Swali la leo ni la dada mmoja anayesomea kuongoza watalii pale Arusha, nalifupisha hapa ili na wengine mfuate. Anasema hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye mafunzo ya vitendo. Juzi tukiwa Tarangire tulikuta twiga kama 9 wamesimama pamoja, nikawaambia wageni 'a herd of giraffes'. Mama mmoja Muingereza akacheka, akasema hapana, ni 'a tower of giraffes', gari zima likacheka. Niliona aibu sana. Usiku nikaingia mtandaoni nikakuta orodha ya majina ya makundi zaidi ya 200, sijui 'dazzle', sijui 'crash', 'murder', 'parliament', mengine hata kuyatamka siwezi. Ni lazima niyakariri yote? Nani aliyatunga? Na kwanini kunguru waitwe mauaji?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa hiyo siku, kuchekwa na gari zima ukiwa ndo kwanza unajifunza kazi kunauma, na mimi kumeniuma kusoma. Naanza na la muhimu: hukukosea. "A herd of giraffes" ni Kiingereza safi kabisa, ndivyo wanavyoandika watu wanaowafanyia utafiti twiga na ndivyo atakavyosema Muingereza wa kawaida akiwa hana mpango wa kumpima mtu. Hiyo "tower" ipo, sikatai, ila ipo kama jina la utani linavyokuwepo, halifuti jina la kwenye cheti. Huyo mama alikusahihisha mahali ambapo hapakuwa na kosa.

Sasa majina yenyewe yametoka wapi. Hapa inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka 500, na naomba nikae hapa kidogo kwa sababu ukishaelewa chanzo chake hutaogopa tena hiyo orodha.

Mwaka 1486, pale St Albans, mji ulioko kaskazini mwa London, kilichapwa kitabu ambacho leo kinajulikana kama Book of Saint Albans. Kumbuka mashine ya kuchapa vitabu ilikuwa imefikishwa Uingereza na William Caxton miaka 10 tu kabla, 1476, kwahiyo hiki ni kati ya vitabu vya mwanzo mwanzo kabisa kuchapwa nchini humo. Kilikuwa kitabu cha mabwana wakubwa, mambo yake ni matatu: kuwinda kwa kutumia kipanga, kuwinda kwa mbwa, na nembo za koo. Sehemu ya uwindaji imewekewa jina la mama mmoja, Juliana Berners, masimulizi yanasema alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa. Humo ndani kuna orodha ya majina ya makundi, zaidi ya 160, na ndiyo mama wa orodha zote unazoziona kwenye simu yako leo. Kabla yake zilikuwepo nyingine za kuandikwa kwa mkono ila hii ndo iliyosambaa maana ilichapwa, ikachapwa tena 1496 na wengine wakaendelea kunakili.

Ya nini yote hayo? Kwa sababu uwindaji kwa wakubwa wa Uingereza haukuwa wa kutafuta kitoweo, ulikuwa ni shule ya heshima. Tangu Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 wakubwa walikuwa wanaongea Kifaransa, na lugha ya porini ikajaa maneno yake maalum, kila mnyama na neno lake. Mtu anayetumia neno sahihi anajulikana ni mtoto wa watu, na asiyejua anajulikana hapo hapo kwamba hakulelewa huko. Sisi tunalielewa hili vizuri. Nenda Kariakoo kwa muuza khanga umwambie nataka khanga mbili zile ambazo hazijakatwa zimeungana, badala ya kusema nataka doti moja, anajua papo hapo wewe mgeni na bei inapanda. Ndo hivo hivo. Orodha ile ilikuwa ni kipimo cha nani wa ndani na nani wa nje, na inanisikitisha kidogo kwamba baada ya karne 5 kipimo kile kile kimekukuta wewe kwenye gari Tarangire.

Alafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Orodha ile haikuwa ya wanyama peke yake, ilikuwa na binadamu pia. Mahakimu waliitwa "a sentence of judges", yaani hukumu ya mahakimu. Matarishi ni "a diligence of messengers", bidii ya matarishi. Wapiga kinubi ni "a melody of harpers". Masista ni "a superfluity of nuns", maana yake masista kupita kiasi, na hapo unaanza kuona kwamba aliyetunga alikuwa anatania na anachokoza, maana watu wa wakati ule walikuwa na maneno yao kuhusu nyumba za watawa zilivyokuwa nyingi. Kwahiyo hata mwaka 1486 wenyewe sehemu ya orodha ilikuwa kazi ya sheria za uwindaji na sehemu ilikuwa mchezo wa maneno, wa watu waliokaa baada ya kula wakishindana nani ana ulimi mtamu. Sasa mtu leo anachukua mchezo wa mezani anaugeuza mtihani, hapo ndipo tunapoharibu.

Kunguru sasa. "A murder of crows" kwenye orodha hiyo ya zamani imo kweli, siyo ya mtandaoni. Kunguru anakula mizoga, na kwenye nchi zenye vita na miti ya kunyongea watu unaweza kufikiria walikuwa wanaonekana wapi. Kuna na hadithi za wazee wa Ulaya kwamba kunguru wanakaa baraza wanamhukumu mwenzao wanamuua. Kwahiyo jina linabeba hofu ya watu, ndugu yake ni "an unkindness of ravens", ravens ni kunguru wale wakubwa, nao wanaitwa ukatili. Ila ukikaa na mtu wa ndege kwelikweli, anayehesabu ndege kwa kazi, anaandika "a flock of crows" na maisha yanaendelea. "Murder" utaikuta kwenye hadithi, kwenye mashairi, na kwenye maswali ya chemsha bongo.

Ukiyachambua yale ya zamani utaona hayakutungwa ovyo, yana akili yake. Kuna yanayotokana na sauti: "gaggle of geese" ni mlio wa bata bukini tu, ga-ga-ga. "Charm of goldfinches" usidhani ni uzuri au hirizi, ni neno la kale la kelele za ndege wadogo wakilia kwa pamoja. "Murmuration of starlings" nayo ni mnong'ono, hawa ni kwezi wa Ulaya ambao jioni za baridi wanaruka maelfu kwa maelfu wanapinda angani kama moshi, na mabawa yao kweli yananong'ona. Hili la mwisho zingatia maana ni moja kati ya machache ambayo yamefufuka, leo Muingereza wa kawaida analitumia bila kujionyesha, kwa sababu kile kitu kipo, watu wanatoka nyumbani kwenda kukitazama na wanahitaji neno lake.

Kuna yanayotokana na kuzaa na kulea: "covey" la kwale ni kutoka neno la Kifaransa la kuatamia, "litter" ni watoto wa mzao mmoja, "brood" ni vifaranga wa mama mmoja. Kuna yanayotokana na tabia: mbweha ni "skulk", kunyatia. Fuko ni "labour", kazi ngumu, na ukishaona fuko anavyochimba utakubali. Simba ni "pride", majivuno, na hapo ndipo lilipotoka hilo neno mnalolitumia kila siku Serengeti.

Na kuna yale ambayo ukiyatazama vizuri yanakuambia kwamba aliyeyaandika hakuwahi kuwaona hao wanyama porini. "A leap of leopards"! Chui, ndugu yangu. Chui anatembea peke yake, wewe mwenyewe unajua mnavyohangaika siku nzima kumpata mmoja juu ya mti, sasa kundi la chui utaliona wapi mpaka ulipe jina, labda mama na watoto wake. Ila Uingereza ya wakati ule chui na simba walikuwa kwenye nembo za koo, na wachache walikuwa wanafugwa na mfalme kwenye ngome ya London tangu miaka ya 1200, kwahiyo walikuwa wanyama wa kuchorwa zaidi kuliko wa kuonwa. Nguruwe mwitu wa Ulaya naye aliitwa "a singular of boars", na hii naipenda sana, maana Wafaransa nguruwe mwitu wanamuita "sanglier", neno linalotokana na Kilatini "singularis", yaani wa peke yake. Kundi zima likapewa jina linalosema yupo peke yake.

Makosa ya kunakili nayo yakaingia. Kuna mnyama mdogo wa kufugwa wa kuwindia sungura, anaitwa "ferret", kundi lake lilikuwa "business", yaani shughuli nyingi, kwa sababu hatulii. Waandishi wa zamani wakasoma herufi vibaya, neno likabadilika kidogo kidogo mpaka kuna orodha zikaja kuwa na "fesnying", neno ambalo halikuwahi kutoka kinywani mwa mtu yeyote. Na bado lipo kwenye baadhi ya orodha mpaka leo, watu wanalikariri. Mimi hili linaniuma kama mwalimu, mwanafunzi anamaliza nguvu zake kukariri kosa la mwandishi aliyechoka miaka 500 iliyopita.

Sasa turudi kwa twiga wako. Twiga kwenye orodha ya 1486 hayupo na jina la "tower". Pundamilia hayupo, na hata neno "zebra" lenyewe liliingia kwenye Kiingereza karibu na mwaka 1600. Kiboko hayupo, faru hayupo, nyumbu hayupo. Haya majina ya wanyama wetu, "tower" ya twiga, "dazzle" ya pundamilia, "crash" ya faru, "bloat" ya viboko, "implausibility" ya nyumbu, ni ya juzi juzi tu. Watu wa siku hizi walichukua mchezo ule wa zamani wakaendelea nao. Mwaka 1968 Mmarekani James Lipton alitoa kitabu kinachoitwa An Exaltation of Larks, alikusanya yale ya kale na akaongezea ya kwake mwenyewe na akawakaribisha wasomaji watunge, kikapendwa sana, na baada ya hapo mlango ukawa wazi. Kisha intaneti ikaja ikayachanganya yote, ya 1486 na ya mwaka jana, kwenye jedwali moja, bila kusema lipi ni lipi. Hapo ndo ukakutana nayo wewe usiku na simu yako.

Siyo kwamba ni mabaya. "Dazzle" kwa kweli ni tamu, mistari ile ikikimbia pamoja macho yanachanganyikiwa. "Tower" nayo inaeleweka, twiga ni mnara. Wageni wanayafurahia na wewe una haki ya kuyafurahia. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba usipoyajua hujui Kiingereza.

Na mengine ni uongo mtupu, lazima niliseme. Utaona wanaandika kwamba kundi la nyani ni "a congress of baboons". Hapana. Hiyo ilisambazwa na watu waliotaka kuwasema wabunge wa Marekani, maana bunge lao linaitwa Congress. Nyani ni "troop", tumbili ni "troop", basi. Na "parliament of owls", bunge la bundi, linapendwa sana lakini kwenye orodha ya St Albans halimo, limekuja baadaye sana, na bundi kama chui hapendi mikutano.

Kwahiyo ukaririshe kichwa chako nini? Mimi kanuni yangu ni moja, angalia neno linalofanya kazi kwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Mtafiti wa fisi anasema "clan". Hans Kruuk alikaa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960 akiwafuatilia fisi, kitabu chake kikatoka 1972, na alionyesha kwamba fisi wana ukoo wenye mipaka yake, wanajuana, wanapigana na ukoo wa jirani. Neno "clan" linabeba ujuzi huo wote. Sasa mtandaoni watakuambia "a cackle of hyenas" kwa sababu fisi anacheka. Ukimwambia mgeni "clan" una cha kumueleza nusu saa nzima, ukimwambia "cackle" anacheka imeisha.

Simba ni "pride", hilo liko salama, ila uwe makini: pride ni ile familia, majike ndugu na watoto wao na madume walioko nao. Ukikuta madume 2 au 3 wanatembea wenyewe, hao wanaitwa "coalition", muungano, na mgeni anayejua simba akikusikia unatofautisha anakuheshimu hapo hapo. Mbwa mwitu ni "pack". Tembo ni "herd", na ukitaka kuongeza sema ni "family" ikiongozwa na bibi yao. Swala pala wana "bachelor herd", madume tupu wasio na majike, hilo ni neno la kazi kabisa litumie. Nyati, pundamilia, nyumbu, twiga: "herd". Viboko, watu wengi wanasema "pod" au "school". Heroe wa Natron ni "flock", hata kama watakuambia "flamboyance". Tai wakizunguka angani kwenye hewa ya joto inayopanda, watazama ndege wanasema "kettle", kama birika linalochemka, na hili ni la kweli, wanalitumia wakiwa na darubini shingoni. Nyuki ni "swarm" wakiwa wanahama, wakiwa nyumbani kwao ni "colony", na "hive" ni mzinga wenyewe, watu wanachanganya sana hapo. Siafu na mchwa ni "colony". Samaki ni "shoal" au "school", na wanasayansi wa samaki wanatofautisha, shoal ni samaki waliokaa pamoja tu na school ni wanapoogelea kwa mpangilio uelekeo mmoja. Hilo "school" halina undugu na shule, limetoka Kiholanzi, maana yake ni kundi.

Hayo ni kama 12 au 15 hivi, unayamaliza kwa jioni moja ukiwa unakunywa chai. Mengine yakija yenyewe karibu.

Na sisi tumo kwenye hii habari pia, tusijifanye ni ugonjwa wa Waingereza. Waliosoma shule za msingi miaka ile wanakumbuka, na jirani zetu wa Kenya ndo kabisa, mpaka mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulipofungwa 2023 watoto walikuwa wanakariri nomino za makundi: bumba la nyuki, thurea ya nyota, halaiki ya watu, genge la wezi, wingu la nzige. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa sababu ya thurea. Nikaja kujua nikiwa mtu mzima kwamba thurea imetoka kwenye jina la Kiarabu la zile nyota zilizojikusanya ambazo sisi tunaziita kilimia, yaani jina la kundi moja la angani likageuka kuwa jina la makundi yote ya nyota. Kama mwalimu wangu angenisimulia hivo nisingelisahau hata bila fimbo.

Lakini tazama na upande wa pili. Mkungu wa ndizi, na mkungu ukikatwa unapata chane. Tita la kuni. Fungu la nyanya. Mtungo wa samaki. Robota la mitumba. Korija, ambayo ni vitu 20. Doti ya khanga, jozi ya viatu, bunda la noti. Haya hakuna aliyechapwa ili ayajue. Mama anayeuza ndizi hajawahi kukaririshwa chane, anaijua kwa sababu akikosea kati ya chane na mkungu hasara ni ya kwake. Kwenye Kiingereza nako ndo ilivyo: anayefuga kuku anajua "clutch" ni mayai ya mtamio mmoja, mchunga kondoo wa Australia anasema "a mob of sheep" kwa sababu huko ndivyo wanavyosema, mchunga kondoo wa Uingereza anasema "flock", na wote wawili wako sahihi wakiwa kwenye malisho yao.

Sasa nikuambie ukweli mdogo wangu, kuna mahali ambapo wanafunzi wangu wengi wanaanguka kweli na si kwenye "tower". Ni kwenye vitu vya kawaida kabisa. Mtu anakariri "dazzle of zebras" alafu anamwambia mgeni "please bring your luggages". Luggage haina wingi, furniture haina, equipment haina, information haina, advice haina. Ukitaka kuhesabu unaweka "piece" mbele: "two pieces of luggage", "a piece of advice". Cattle kinyume chake, yenyewe tayari ni wingi, "the cattle are", hakuna "cattles". Police nayo ni wingi siku zote, "the police are". Staff ni kundi la wafanyakazi wote, mmoja ni "a member of staff", kwahiyo "I am a staff" uiache leo leo. Darubini ni "a pair of binoculars" hata kama ni moja, kama suruali na miwani na mkasi. Funguo ni "a bunch of keys", ndizi nazo "bunch", ngazi za kupandia ghorofani ni "a flight of stairs", magari ya kampuni ni "a fleet", karata Muingereza anasema "a pack" na Mmarekani "a deck".

Kuna na hili la kitenzi. "A herd of elephants is crossing" au "are crossing"? Marekani watasema "is", kwao kundi ni kitu kimoja. Uingereza vyote vinakubalika, ukiliona kundi kama kitu kimoja sema "is", ukiwaona tembo mmoja mmoja kila mtu na njia yake sema "are". Kwahiyo huwezi kukosea hapo, chagua moja usichanganye ndani ya sentensi. Panapoua ni hapa: "a number of lions are", lakini "the number of lions is". Ya kwanza maana yake ni simba kadhaa, ya pili ni idadi yao. Andika hizo mbili kwenye karatasi ubandike kitandani.

Na kingine ambacho kitakusaidia sana kazini, utawasikia waongozaji wakongwe na wageni wa Afrika Kusini wanasema "we saw three buffalo", "five kudu", hata "a herd of elephant", bila ile s ya wingi. Usidhani wamekosea na usiwasahihishe. Hiyo ni lugha ya wawindaji, wamezoea kumtaja mnyama wa kuwindwa bila wingi, na imebaki kwenye midomo ya watu wa safari mpaka leo ingawa bunduki zimegeuka kamera. Unaona jinsi porini panavyotunza maneno. Wewe kwenye mtihani andika "elephants", kwenye gari ongea utakavyojisikia.

Mwisho, ukikutana na mgeni mwingine wa namna ile. Usibishane, usiombe msamaha pia. Mwambie hivi kwa tabasamu: "Yes, a tower when they stand still, and some people say a journey when they walk. But most of us here just say a herd." Hiyo "journey" nayo ipo kweli kwenye orodha za siku hizi, twiga wakitembea. Halafu usiishie hapo, waonyeshe kitu ambacho orodha haina: kwamba kundi la twiga halina mkuu wala mipaka kama pride ya simba, leo wapo 9, kesho asubuhi 4 wameondoka na wengine wageni wameingia, wanakuja na kwenda kutwa nzima, na wanaweza kuwa wametawanyika hata nusu kilomita lakini kwa shingo ile bado wanaonana. Waulize wageni wahesabu wangapi wanatazama upande mmoja. Kama wote wanatazama kwenye kichaka kile kile bila kutikisika, mwambie dereva asogee taratibu, maana inawezekana kabisa kuna simba.